Kompyuta Ikikunyima Mkopo, Dai Jibu la Binadamu

Mjadala kuhusu akili unde (AI) ukianza Nairobi, iwe redioni au kwenye kumbi za mikutano, haukawii kufikia kauli kwamba Kenya haina sheria ya kuidhibiti. Kauli hiyo inawaumiza wananchi, kwa sababu inawafanya wanyamaze ilhali haki wanayo. Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030, uliozinduliwa Machi 2025, ni sera tu. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data imekuwapo tangu Novemba 2019, na ndani yake kuna kifungu cha 35 ambacho natamani kila mwenye simu akijue.

Kwa ufupi, kifungu hicho kinataka uamuzi unaokugusa kwa uzito usiachiwe mtambo, yaani programu ya kompyuta, peke yake. Ziko hali ambazo sheria inaruhusu, kwa mfano ukiwa umeridhia, au uamuzi ukihitajika ili mwingie mkataba. Hata hivyo, anayefanya uamuzi wa namna hiyo anatakiwa akuarifu kwa maandishi, mapema iwezekanavyo, kwamba umefanywa na mtambo bila mkono wa mtu. Nawe unaweza kumtaka aufikirie upya, au atoe uamuzi mwingine usiotegemea mtambo pekee.

Katika mafunzo tunayowapa wafanyabiashara wadogo, suala hili huibuka zaidi kwenye mikopo ya simu. Chukua muuzaji wa mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, anayeomba shilingi 8,000 alfajiri, kabla marobota hayajafunguliwa. Jibu linamfikia papo hapo: ombi lako halikufaulu, jaribu tena baadaye. Hakuna afisa aliyeketi kulisoma. Programu imepitia kile alichoiruhusu isome: pesa zinazoingia na kutoka kwenye simu, muda ambao laini imetumika, alivyolipa madeni ya awali, pengine hata aina ya simu aliyonayo. Kisha imemlinganisha na wakopaji wengi waliomtangulia na kumpa alama. Alama zikipungua kiwango kilichowekwa, mkopo hakuna.

Mtambo haumjui wala haumchukii. Unajifunza kutokana na rekodi, na rekodi zina mapengo. Mwenye mshahara, pesa zake huingia karibu tarehe ile ile kila mwezi. Wa Gikomba huingiza nyingi siku za soko na kukaa bure siku za mvua. Mama anayepokea malipo kwa laini ya mumewe anaonekana hana kipato. Aliyepoteza laini na kusajili nyingine anaonekana hana historia yoyote. Hakuna kati ya hao aliyeshindwa kulipa deni, lakini wote wanaweza kupata alama za chini bila yeyote kukusudia kuwabagua. Ndiyo maana tunashikilia kwamba ubaguzi upimwe kwa matokeo, si kwa nia ya aliyeunda programu. Mfano ni mwaka wa 2018, watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kibiashara zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7.

Sasa ufanye nini? Andika. Baruapepe kwa anwani iliyo kwenye sera ya faragha ya mkopeshaji inatosha kuanzia. Taja tarehe na saa uliyoomba, na kiasi, kisha uliza kama uamuzi ulifanywa na mtambo pekee na ni taarifa zako zipi zilizotumika. Omba uangaliwe upya na mtu chini ya kifungu cha 35, na uambatishe ushahidi ambao mtambo haukuuona: kurasa za daftari la mauzo, risiti za kodi ya kibanda, barua ya chama chenu. Usiruke hatua hiyo ya ushahidi, maana sheria inamtaka mkopeshaji azingatie taarifa ulizompa na akujulishe matokeo. Haimlazimishi akukopeshe. Kukopesha ni hiari yake. Kukujibu si hiari.

Asipojibu, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Unaweza kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo, na ukisema kwa mdomo ni jukumu la ofisi hiyo kuyaandika. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, na inayochukuliwa ni ile iliyo ndogo. Kwa maoni yangu hiyo ni nyepesi mno kwa kampuni kubwa. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya akili unde iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024, umeweka ukadiriaji wa wakopaji kwenye kundi la hatari kubwa, na kosa zito kabisa chini ya sheria hiyo linaweza kutozwa hadi asilimia 7 ya mauzo ya kampuni duniani kote.

Wapo wanaosema sheria zetu huishia kwenye makaratasi. Lakini Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vya kidijitali vya serikali, ulikwenda kinyume cha Sheria ya Ulinzi wa Data kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Mei 2025, mahakama hiyo hiyo ikaamuru Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ifute data za kibayometriki, kama picha za mboni za macho, ilizokusanya kwa Wakenya, wakiwemo waliopanga foleni katika jumba la mikutano la KICC, Nairobi, mwaka wa 2023. Katiba Institute, shirika linalotetea Katiba, ilikuwa miongoni mwa waliozipeleka kesi zote mbili mahakamani.

Sheria mahsusi ya akili unde ikija, ningependa imbebeshe mkopeshaji mzigo wa kuhifadhi kumbukumbu za kila ombi lililokataliwa: alama alizopewa mtu, taarifa zilizotumika, na toleo la programu lililokuwa likitumika siku ile. Programu hizi hurekebishwa mara kwa mara. Mkopaji akilalamika baada ya miezi miwili, ile iliyomkataa huenda haipo tena, na hata mkopeshaji mwenyewe asiweze kueleza ilimpimaje. Kumbukumbu zikikaa angalau mwaka mmoja, Kamishna atakuwa na kitu cha kukagua.