Hanesi ya mbwa: kamba ikivutwa, nguvu inatua wapi?

Hanesi ni mikanda inayomzunguka mbwa kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, ikiwa na pete moja au zaidi za kufungia kamba ya kumtembezea. Kazi yake ya msingi ni kuuondoa mvuto wa kamba shingoni na kuusambaza kifuani na mbavuni. Ukilishika hilo, aina za hanesi, vipimo vyake na hata bei yake utaziangalia kwa swali moja tu: kamba hii ikivutwa sasa hivi, nguvu yake inatua wapi mwilini mwa mbwa?

Shingo ya mbwa imebeba mengi. Humo mnapita koo la hewa, mishipa ya damu inayokwenda kichwani na neva, na tezi ya thairodi imekaa hapo hapo. Mbwa anayevuta akiwa amefungwa kola huvikandamiza vyote hivyo kwa ukanda mmoja mwembamba, na ndiyo maana husikika akikohoa na kukoroma njia nzima. Kwa mbwa wadogo kama Chihuahua, Pomeranian na Yorkshire Terrier kikohozi hicho si cha kupuuzwa, kwa sababu miongoni mwao ni kawaida koo la hewa kulegea na kubonyea. Mbwa wa pua fupi, kama Pug na French Bulldog, hupumua kwa taabu hata kabla hujamfunga chochote. Macho nayo yanahusika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipima presha ndani ya macho ya mbwa waliokuwa wakivuta: walipovuta kwa kola ilipanda, walipovuta kwa hanesi haikupanda kwa kiwango cha maana. Mbwa mwenye presha ya macho hapaswi kuvutwa shingoni hata siku moja.

Hii haina maana kwamba kola itupwe. Kibati chenye namba yako ya simu kibaki kwenye kola, na kola ibaki shingoni. Kamba tu ndiyo inahamia kwenye hanesi.

Kuuhamisha mvuto kutoka shingoni hakumalizi kazi, kwa kuwa kifuani unakutana na mabega, na bega la mbwa limeumbwa kwa namna yake. Mbwa hana mtulinga unaounganisha bega na kidari kama sisi. Miguu yake ya mbele imeshikamana na kiwiliwili kwa misuli na kano peke yake, na miguu hiyo ndiyo inayobeba takriban asilimia 60 ya uzito wake. Anapotembea, fupa la bega huteleza mbele na nyuma juu ya mbavu. Mkanda unaolala juu ya fupa hilo, au unaokatiza mbele ya kifua chini kidogo ya bega, unakutana na mguu katika kila hatua.

Kwa sababu hiyo watu wengi hupendekeza hanesi ambayo sehemu yake ya mbele ina umbo la herufi Y: mikanda miwili inashuka kutoka sehemu ya chini ya shingo, inakutana kwenye mfupa wa kidari, kisha mmoja unapita katikati ya miguu ya mbele. Nami ningeanzia hapo. Lakini nisingeliamini umbo kwa macho yaliyofumbwa. Utafiti mdogo uliochapishwa katika jarida la Veterinary Record uliwapima mbwa 9 wakitembea na wakienda mchapuko, wakiwa wamevaa hanesi ya mkanda wa kukatiza kifua na ile inayosemwa kuwa inaacha mabega huru. Zote mbili zilipunguza kiasi cha bega kunyooka kwenda mbele, na ile ya "mabega huru" ndiyo iliyopunguza zaidi. Mbwa 9 ni wachache mno kutoa hukumu ya mwisho, ila wanatosha kutuzuia tusinunue maneno yaliyoandikwa kwenye kifurushi. Mpe mtu mwingine amtembeze mbwa wako, wewe simama pembeni. Mwangalie kwanza bila hanesi, kisha akiwa nayo. Hatua ikifupika, kiwiko kikitanuka kwenda nje, au akianza kujinyonganyonga, hanesi hiyo haimfai, hata kama inamfaa mbwa wa jirani mwenye ukubwa ule ule.

Sasa suala la kuvuta, ambalo ndilo huwapeleka wengi dukani. Hanesi yenye pete mgongoni haimfundishi mbwa kuacha kuvuta. Mbwa wanaokokota sleji, yaani chombo cha kuteleza kwenye theluji, huvalishwa hanesi hasa ili wavute kwa nguvu zote bila kuumia, na mbwa wako atapata nafuu ile ile. Asiyevuta, au yule ambaye unamlinda shingo yake tu, pete ya mgongoni inamtosha. Kwa mvutaji, tafuta yenye pete ya mbele pia, katikati ya kifua. Kamba ikifungwa hapo, mbwa akijitupa mbele mwili wake unageuzwa upande, kuelekea kwako, na ile nguvu ya kwenda moja kwa moja inavunjika. Inasaidia sana, hasa pale mbwa anapokuwa mzito kuliko uwezo wa anayemshika. Hata hivyo, mvuto wa upande mmoja kila siku hauwezi kuwa mzuri kwa mabega, kwa hiyo ichukulie kuwa ya muda, huku ukimfundisha. Na mafunzo yenyewe hayana uchawi: kamba ikikaza, simama; ikilegea, endelea; akija kutembea ubavuni mwako, mpe kitu anachokipenda pale pale alipo. Kinachochosha ni kurudia, na kila mtu wa nyumbani anayemtembeza afuate utaratibu huo huo.

Kuna pia hanesi zinazojikaza mbwa anapovuta, nyingine kwa vijikamba vyembamba vinavyopita kwapani. Hizi sizipendekezi. Zinafanya kazi kwa kumbana mbwa na kumtia usumbufu mpaka akome, na ngozi ya kwapani ni laini, inachubuka upesi. Kama lengo lilikuwa kuondoa maumivu shingoni, hapa tumeyahamishia kwapani.

Kabla ya kununua, chukua utepe wa kupimia. Kipimo kikuu ni mzunguko wa kifua pale palipo papana zaidi, nyuma ya miguu ya mbele. Cha pili ni mzunguko wa chini ya shingo, inapokutana na mabega. Uzito peke yake unadanganya: mbwa wawili wa kilo 20 wanaweza kuwa na vifua visivyofanana kabisa. Akishaivaa, vidole viwili vipite kwa ulaini chini ya kila mkanda. Mkanda wa mbavuni ukae vidole kadhaa nyuma ya kwapa, usiiguse hata anaponyoosha mguu. Ile sehemu ya mbele itulie kwenye mfupa wa kidari. Ikipanda kooni, umerudi kwenye matatizo ya kola. Vuta kamba taratibu kulia na kushoto uone kama hanesi yote inazunguka mwilini. Ikizunguka, imelegea.

Kulegea kuna hatari kubwa kuliko msuguano. Mbwa aliyeshtuka mara nyingi anarudi nyuma, anainamisha kichwa, anakunja viwiko, na hanesi inampita kichwani. Mbwa wa aina ya Greyhound, wenye kifua kirefu, kiuno chembamba na kichwa chembamba kuliko shingo, ni mahodari wa hili. Kwa mbwa mwoga, au aliyehamia kwako karibuni, chagua hanesi yenye mkanda wa tatu unaofungwa nyuma zaidi, pale kiuno kinapoanza kupungua. Mkanda huo hauwezi kuvuka mbavu akirudi nyuma. Mtoto wa mbwa naye mpime upya kila wiki, maana hanesi iliyomkaa vizuri mwanzo wa mwezi inaweza kumbana kabla mwezi haujaisha.

Siku za kwanza usimvalishe kwa haraka na kutoka naye. Mwonyeshe hanesi, aivute harufu, mpe chakula huku kichwa kikipita. Wengine hawapendi kabisa kitu kupitishwa kichwani. Hao wanafaa zile zinazofungwa shingoni kwa kifungio. Mkirudi nyumbani mvue, halafu pitisha mkono kwapani na kidarini ukitafuta manyoya yaliyokatika, wekundu au unyevu. Hanesi iliyolowa ikauke kabla ya kuvaliwa tena, na mishono iliyo karibu na pete ikaguliwe kila inapofuliwa.

Na kama mbwa anasafiri garini, hanesi ya kumtembezea isichukuliwe kuwa mkanda wa usalama. Vifungio vyake vimetengenezwa kuhimili mvuto wa mkono wa mtu. Gari linapogonga, nguvu ni nyingine kabisa, na kwa hilo zipo hanesi zilizojaribiwa mahsusi kwa ajali.