Sijala, Nimekunywa Chai Tu

Kazi yangu ni ya usingizi na ganzi, kwa hiyo mgonjwa anayekuja kufanyiwa upasuaji hunikuta mimi kabla ya kumkuta mwenye kisu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikimuuliza kila mgonjwa swali ambalo nilidhani halina utata: "Umekula?" Asubuhi moja mzee aliyekuja kupasuliwa henia, ambayo wengi wetu tunaiita ngiri, alinijibu kwa utulivu kwamba hajala tangu jana. Dripu ilikuwa imeshawekwa na dawa imeshavutwa kwenye bomba la sindano, ndipo mwanawe aliyesimama mlangoni akasema, kwa nia ya kumsifu, kwamba mzee amevumilia kweli, amekunywa chai tu. Nilipodadisi, chai hiyo ilikuwa ya maziwa, imeshushiwa chapati mbili, saa kumi na mbili asubuhi ile ile. Mzee hakusema uongo. Kwa Kiswahili chake, na changu pia, chakula ni ugali au wali, na chai ni chai. Kosa lilikuwa la swali langu. Upasuaji uliahirishwa hadi kesho yake, na tangu hapo huuliza hivi: "Kitu cha mwisho kupita mdomoni mwako kilikuwa nini, na kilipita saa ngapi?"

Sababu ya ukali wetu ni hii. Mtu aliye macho, chakula kikimrudi kooni, hukohoa au humeza. Dawa za nusu kaputi huzima kinga hizo, na kilichomo tumboni, pamoja na tindikali yake, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu bila mwili kujitetea. Mwaka 1946 daktari wa Marekani, Curtis Mendelson, alieleza habari za wajawazito 66 waliopatwa na jambo hilo katika hospitali moja ya New York. Wawili walikufa, na wote wawili walizibwa na chakula kigumu. Hata anayechomwa ganzi ya mgongo anatakiwa kufunga, kwa sababu ganzi inaweza isitoshe katikati ya kazi, ikalazimu tumlaze kabisa.

Mlo wenye mafuta mengi, kama pilau, chipsi au nyama, unahitaji angalau saa 8 kabla ya upasuaji. Mlo mwepesi, uji na chai ya maziwa vinahitaji saa 6. Maziwa ya mama kwa mtoto mchanga yanahitaji saa 4. Maji na chai ya rangi vinahitaji saa 2. Hapa ninahesabu urefu wa muda, sisemi saa ya ukutani, maana yupo mgonjwa aliyeambiwa "saa nane" akajua anaruhusiwa kula hadi mchana. Ninaongeza jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawalipendi: kumwandikia kila mtu "asitie kitu mdomoni tangu saa sita usiku", hata yule atakayeingia tieta alasiri, ni uvivu wetu. Mgonjwa huyo hutufikia amekauka, mshipa wa kuweka dripu hauonekani, na presha yake hushuka kirahisi zaidi mara ganzi inaposhika. Mruhusuni maji.

Baada ya chakula, kinachofichwa zaidi ni dawa. Dawa nyingi za presha humezwa asubuhi hiyo hiyo kwa funda la maji, za kisukari mara nyingi husitishwa, na zile za kuzuia damu kuganda zinahitaji uamuzi wa daktari siku kadhaa kabla; basi njoo nazo zote mfukoni, hata kama hujui majina yake. Dawa za mitishamba zitajwe pia. Sitakugombeza, ninachotaka kujua ni kama damu yako itaganda. Wala usijinyoe kwa wembe nyumbani kwa kudhani unatusaidia, kwani mikwaruzo midogo ya wembe ni mlango wa wadudu. Shirika la Afya Duniani linakataza jambo hilo, na nywele zikilazimu kuondolewa, sisi hutumia mashine ya kukatia.

Wagonjwa huchoka kuulizwa jina lao na upande wa ugonjwa mara tatu au nne, na wengine huhisi kwamba hatujui tunachofanya. Maswali hayo ni orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ilijaribiwa katika miji minane duniani, Ifakara yetu ya Tanzania ikiwemo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Henia ya kulia na ya kushoto hufanana sana chini ya shuka la kijani.

Sindano ya mgongo ndiyo inayoogopwa kuliko kisu. Utaketi ukingoni mwa kitanda, kidevu kifuani, mgongo umeupinda kama kamba aliyepikwa. Sindano huingia chini ya mahali ambapo uti wa mgongo wa mtu mzima kwa kawaida huishia, ndiyo maana haiuchomi. Kisha miguu hupata joto na kuwa mizito kama ya mtu mwingine. Utahisi kuvutwavutwa, lakini hutahisi maumivu. Kuumwa kichwa baadaye kunawezekana: August Bier, Mjerumani aliyeanzisha njia hii mwaka 1898, alijaribiwa yeye mwenyewe na kichwa kikamtesa siku kadhaa. Sindano za leo ni nyembamba zaidi, kwa hiyo hali hiyo imepungua. Kichwa kinachouma ukiketi na kutulia ukilala ni cha kuambiwa daktari, kwa kuwa kina tiba yake.

Miguu ikirudi, utaamshwa utembee, pengine jioni ile ile, kwa sababu kulala tu hugandisha damu miguuni na huyaacha mapafu yakishika makohozi. Ukitaka kukohoa, bana mto juu ya kidonda kwanza. Dawa ya maumivu imezwe kwa saa zake, usingoje maumivu yafike kileleni. Kwa mwanamume aliyepasuliwa henia, korodani kuvimba kidogo na kubadilika rangi kwa siku chache ni kawaida. Kushindwa kukojoa, homa, usaha, au uvimbe unaozidi kila siku si kawaida, na hapo usingoje tarehe ya kliniki.

Yule mzee alipasuliwa kesho yake, tumbo tupu. Alipoanza kuchezesha vidole vya miguu nilimruhusu chai, naye akauliza lini atarudi kubeba madumu ya maji kwenye baiskeli. Nilimwambia wiki sita. Akasema nne. Daktari aliyempasua, aliyekuwa akiandika faili kando yetu, alisema sita bila kuinua kichwa.