Studio ya Chuo na Asasi ya Mtaani: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Vyuo vyetu vya habari vina vifaa ambavyo asasi nyingi ndogo haziwezi kununua. KIMC, taasisi ya mawasiliano ya umma ya Nairobi, imekuwapo tangu 1961, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani TV na redio yake, na SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza, nacho kinarusha redio. Upande wa pili kuna kituo cha watoto au kikundi cha akina mama kinachohitaji filamu fupi ya kuwaeleza wafadhili kazi yake. Pande hizi zikikutana, mwanafunzi hujifunza mambo ambayo zoezi la darasani halimpi. Zinakwamishwa na dhana chache zinazojirudia.

Ya kwanza: kazi ya bure haihitaji makubaliano. Ukweli ni kwamba inayahitaji zaidi, kwa sababu hakuna bei ya kumzuia mteja kuomba mabadiliko yasiyokwisha. Filamu ya dakika 3 hufika dakika 12 pale kila mjumbe wa bodi anapotaka kuonekana. Andikeni mapema: filamu ni ya nani, ina urefu gani, marekebisho ni mara ngapi, na nani mwenye kauli ya mwisho. Mwanafunzi aliyewahi kumwambia mkurugenzi wa asasi kwa adabu, "Hili halimo kwenye makubaliano yetu," ameshajifunza nusu ya kazi ya mtayarishaji.

Wengine huamini kamera ya gharama ndiyo inayoleta filamu nzuri. Mtazamaji huvumilia picha hafifu; sauti isiyosikika humfukuza. Mvua juu ya bati, feni na bodaboda nje ya dirisha huharibu mahojiano kuliko lenzi ya bei nafuu. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola na sekunde 30 za kurekodi ukimya wa chumba, zitakazomsaidia mhariri kuziba mapengo, zina faida kubwa kuliko kamera mpya.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: "Ridhaa ni jukumu la asasi, sisi tunapiga picha tu." Hapana. Anayeshika kamera naye anawajibika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya, taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Lakini hata bila sheria, mfikirie mama anayehojiwa mbele ya mfanyakazi wa asasi inayomlipia mtoto wake ada. Atakataaje? Ndiyo maana mwanafunzi anapaswa kumweleza faraghani, kwa lugha anayoielewa, kwamba video itawekwa mtandaoni, majirani wanaweza kuiona, na akikataa hatapoteza msaada. Karatasi iliyotiwa sahihi bila maelezo hayo haimlindi mtu yeyote.

Hapohapo huzuka hoja kwamba machozi ndiyo yanayoleta michango. Sikubaliani nayo hata kidogo. Mwonyeshe mama huyo akipima unga dukani kwake, akipanga hesabu, akimkaripia mteja anayechelewa kulipa, na mfadhili ataona mtu mwenye akili na mipango. Mwanafunzi akizoea kutafuta machozi akiwa chuoni, atayatafuta hata atakapoingia chumba cha habari.

Kuhusu hofu kwamba wanafunzi watatoa kazi duni, dawa yake ni mhadhiri kukagua toleo la kwanza kabla mteja hajaliona.

Mwisho ni suala la umiliki. Wengi hudhani aliyepiga picha ndiye mwenyewe daima. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humpa haki hiyo aliyeagiza kazi, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuonyesha filamu hiyo anapoomba ajira aombe kipengele cha kumruhusu kiandikwe kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, pamoja na atakayetunza picha ghafi na kwa muda gani.