Kabla hujalipia Bentley Continental GT ya mtumba

Ujumbe unaonifikia mara nyingi zaidi ni picha ya Bentley Continental GT nyeusi inayong'aa, na swali chini yake: "Fundi, wanataka pauni 16,000, nitume amana?" Niko Uingereza, kazi yangu ni kuwakagulia watu magari ya kifahari kabla hawajanunua, na wengi wanaonitafuta ni Watanzania na Wakenya wa huku huku. Jibu langu halibadiliki: usitume hata senti mpaka tulione gari likiwashwa asubuhi, likiwa limelala usiku mzima bila kuguswa.

Tuanze na hiyo bei, maana ndiyo inayowachanganya watu. Continental GT ilionyeshwa mwaka 2003, miaka mitano baada ya Volkswagen kuinunua Bentley, na inaundwa mjini Crewe. Ni gari la milango miwili la kusafiria mbali kwa kasi bila kuchoka: injini ya W12 (silinda 12 zilizopangwa kama herufi W) ya lita 6, turbo mbili, nguvu za farasi 552, linaendeshwa kwa magurudumu yote manne, lina uzito unaozidi tani mbili na robo, na bado linafika kilomita 318 kwa saa. Jipya lilikuwa zaidi ya pauni 100,000. Bentley hawakuwahi kuunda gari kwa wingi kama huo, kwa hiyo leo soko limejaa na bei imeporomoka. Ila kilichoporomoka ni bei ya kununulia tu. Vipuri vyake, na saa za fundi wa kuvifunga, bado ni vya gari la pauni 100,000.

Kitu cha kwanza ninachoangalia si injini, ni namna gari lilivyosimama. Halina springi za chuma. Kila gurudumu linabebwa na mfuko wa hewa. Mpira wa mfuko ukizeeka unapasuka nyufa ndogo na hewa inavuja polepole. Kompresa inayojaza hewa inalazimika kufanya kazi muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, mwishowe inaungua. Uvujaji mmoja unaua vitu viwili. Ndiyo maana natembea na futi kamba. Napima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, gari likiwa sehemu tambarare, naandika. Asubuhi napima tena. Pembe moja ikiwa imeshuka kwa kiasi cha vidole viwili, hakuna haja ya mabishano. Muuzaji atakwambia magari haya yote hushuka yakilala. Si kweli. Lenye mifuko mizima linabaki lilivyoachwa.

Halafu naweka kiganja juu ya boneti kabla muuzaji hajatoa ufunguo. Nikikuta joto, tunaahirisha. Kuna muuzaji alituletea gari lililokwisha kupashwa moto, akasema alikuwa analisogeza tu uani. Tuliporudi siku nyingine, tukaomba liachwe baridi, lilitoa moshi wa bluu, yaani oili inayoungua, mfululizo kwa dakika kadhaa. Mteja wangu aliondoka na pesa zake. Kuwasha kwa baridi ndiko kunakokwambia habari za turbo, na pia za cheni ya taiming, ile inayozungusha kemshafti za kufungua vali, ambayo kwenye W12 iko nyuma ya injini, upande wa giabosi. Mlio wa kukwaruza unaoendelea kule nyuma baada ya oili kupanda ni habari mbaya sana.

Nasema mbaya sana kwa sababu ya nafasi. Fungua boneti utaona: hakuna pa kupitisha mkono. Turbo zimezama pembeni chini, na kwa kawaida kuzibadilisha kunahitaji injini ishushwe. Mipira myembamba ya vakyumu (ya kuvuta hewa) inayosaidia kuongoza turbo hizo imepita nyuma kwenye joto kali. Baada ya miaka inakauka na kukatika kama biskuti, gari linapoteza nguvu na taa ya injini inawaka. Mpira wenyewe ni bei ya chakula cha mchana. Kuufikia ni bili ya maelfu ya pauni. Kwa hiyo kama kuna risiti inayoonyesha injini iliwahi kushushwa, na mipira, turbo au mabomba ya maji yakabadilishwa kwa mkupuo mmoja, mimi gari hilo nalipenda kuliko lenye mileji ndogo ambalo halijawahi kuguswa. Ulizia pia kama koili 12 na plagi 12 zilibadilishwa pamoja.

Maji ni adui mwingine. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya kutolea maji ya mvua, na majani yakiyaziba maji yanaingia ndani, chini ya zulia la mbele, kulikojaa nyaya na vidude vya kompyuta. Ingiza mkono chini ya zulia, bonyeza. Likiwa na unyevu, ondoka. Kwenye buti kuna betri mbili, moja ya kuwashia na nyingine ya umeme wa gari, na ikichoka mojawapo dashibodi inajaa makosa ya ajabu ajabu. Anza na betri kabla hujakubali kuuziwa kompyuta mpya.

Nafuu ipo, na inatokana na undugu wake na Volkswagen Phaeton, gari kubwa la Volkswagen linalotumia vipuri vingi sawa na hili. Angalia namba iliyopigwa kwenye kipuri: ikianza na 3W ni ya Bentley, ikianza na 3D ni ya Phaeton, na mara nyingi ya pili ni rahisi zaidi. Fundi anayejua mifumo ya Volkswagen na mwenye mashine yake ya kusomea makosa ya gari atakufanyia kazi nyingi bila kukupeleka kwa wakala.

Makaratasi. Historia ya MOT, ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka huku Uingereza, inapatikana bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya gari tu. Isome yote, mwaka kwa mwaka, utazame mileji na maonyo yanayojirudia, hasa ya bushi (mipira ya viungo) za mikono inayoshika magurudumu ya mbele. Hakikisha gari halidaiwi na kampuni ya mkopo, maana deni likiwepo, gari si la anayekuuzia. Na tazama tarehe ya usajili: lililosajiliwa kabla ya 23 Machi 2006 linalipa kodi ya barabara zaidi kidogo tu ya nusu ya lile lililosajiliwa baada ya hapo. Kama mfuko unaruhusu, mimi ningeruka hadi Continental GT yenye injini ya V8 (silinda 8) ya lita 4 iliyoanza 2012. Inakunywa mafuta kidogo, na pua yake ni nyepesi.

Wanaouliza kuhusu kusafirisha nyumbani: Kenya haipokei gari la mtumba lililopita miaka minane, na toleo la kwanza liliishia 2011, kwa hiyo hapo hakuna njia. Tanzania linaingia, ila kuna ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine.

Yule wa pauni 16,000 nilimwambia awe na 5,000 nyingine pembeni, ambazo hatazigusa kwa rimu wala redio. Ukinitumia tangazo, tuma na namba ya gari na risiti zote za gereji.