Unaishi Uswidi? Jua nani ana taarifa zako, kisha muulize

Anayehamia Uswidi kutoka Dodoma, Mombasa au Bukavu hushtuka mara mbili. Kwanza anapogundua kwamba bila namba ya utambulisho ni vigumu kupata akaunti ya benki, laini ya simu ya mkataba au kadi ya kituo cha mazoezi. Kisha, namba ikishatoka na maisha yakishaanza kutulia, siku moja anaandika jina lake mtandaoni na kukuta anwani yake, tarehe yake ya kuzaliwa, jina la anayeishi naye na gari analomiliki, vyote viko wazi kwa yeyote mwenye simu.

Katika dawati letu la ushauri, sehemu kubwa ya maswali ya wasemaji wa Kiswahili huzaliwa hapo. Wapo wanaoogopa wakaacha kutumia huduma wanazostahili. Wapo pia wanaosema ndivyo nchi ilivyo, wakawa wanabonyeza kila wanachoambiwa wabonyeze. Hao wa pili ndio wanaoumia zaidi.

Namba yenyewe, personnummer, ilianzishwa mwaka 1947. Tarakimu sita za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, zinafuata nne. Tarakimu ya tisa inaonyesha jinsia, witiri kwa mwanamume na shufwa kwa mwanamke, na ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu ili kosa la uandishi ligundulike. Inatolewa na Skatteverket, mamlaka ya kodi, ambayo ndiyo pia inayotunza daftari la wakazi, na sharti kuu ni kwamba unatarajia kuishi nchini mwaka mmoja au zaidi. Wa muda mfupi hupewa samordningsnummer, na hii unaitambua kwa kuitazama tu: siku ya kuzaliwa imeongezwa 60. Aliyezaliwa tarehe 7 anaandikwa 67. Ukiona hivyo, karani hajakosea.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba namba hii si siri. Inajulisha wewe ni nani. Haithibitishi kwamba anayeitaja ni wewe. Kazi ya kuthibitisha inafanywa na BankID, kitambulisho cha kielektroniki kilichoanza kutumika 2003 na kinachotolewa na benki. Ndicho kinachofungua mlango wa daktari, wa shule ya mtoto, wa kodi, wa mkataba wa nyumba. Ndicho kinachofungua Swish pia, huduma ya kutumiana pesa kwa namba ya simu iliyoanzishwa na benki mwaka 2012. Anayetoka kwenye nchi za M-Pesa hushangaa kwamba hakuna kibanda cha wakala wa kumsajili kwa laini yake. Kwetu pesa ya simu ilimfuata asiye na benki. Swish inamhudumia aliyekwisha kuwa na akaunti. Na duka linaruhusiwa kukataa noti zako, mradi limebandika tangazo.

Sasa uone matapeli wanavyoutumia mpangilio huo. Simu inaita jioni. Sauti ya upole inakutaja kwa jina kamili, inakusomea namba yako yote, inataja mtaa unaoishi. Inasema ni idara ya usalama ya benki yako, kuna mtu anajaribu kuhamisha pesa zako, tafadhali fungua BankID tuzuie haraka. Unajiambia: huyu anajua kila kitu changu, lazima ni wa benki. Hapana. Alivyovijua vyote vinapatikana hadharani bila jasho. Kabla ya kuingiza neno la siri, soma skrini: BankID inaandika jina la taasisi inayoomba na inakuambia kama unajitambulisha tu (legitimera) au unatia saini (skriva under). Tangu 2024 kujitambulisha kwenye kifaa kingine kunahitaji kupiga picha alama ya QR, kwa hiyo tapeli sasa atakuomba uelekeze kamera kwenye alama aliyokutumia. Kata simu, kisha piga wewe mwenyewe namba ya benki iliyoandikwa kwenye kadi yako. Kama umeshabonyeza, ambia benki ifunge BankID papo hapo, halafu polisi kwa 114 14. Usione haya, wanaotapeliwa hivi wamo hata wahandisi wa programu.

Uwazi huu una historia ndefu. Mwaka 1766, Uswidi na Ufini zikiwa ufalme mmoja, bunge lilipitisha sheria ya uhuru wa uchapishaji, ya kwanza ya aina yake duniani, ambayo pia ilimpa raia haki ya kusoma nyaraka za serikali. Mmoja wa walioipigania alikuwa Anders Chydenius, kasisi wa upande wa Ufini. Hadi leo mtu yeyote anaweza kuiandikia mamlaka ya umma na kuomba waraka, na kwa kawaida mamlaka hairuhusiwi kumuuliza yeye ni nani wala anautakia nini. Ndiyo maana jirani anaweza kupiga simu Skatteverket na kuambiwa kipato chako kilichotozwa kodi mwaka uliopita. Hutajulishwa.

Kwa maoni yangu sheria hiyo bado ni jambo jema: inamfanya waziri asifiche risiti za hoteli. Shida ni kwamba kampuni za kutafuta watu zimejenga biashara juu yake. Zinaomba kibali cha uchapishaji, utgivningsbevis, ambacho kinazipa kinga ya kikatiba iliyokusudiwa vyombo vya habari, na hapo kanuni za ulinzi wa taarifa binafsi zinakosa meno. Baadhi huondoa namba yako ya simu ukiomba. Nyingine hukataa kabisa kufuta chochote. Wanasiasa na mahakama bado wanavutana kuhusu hilo. Kwa anayetishiwa maisha, labda na mume wa zamani au ndugu, njia ipo na isisubiriwe: Skatteverket hupokea maombi ya skyddade personuppgifter, ambapo taarifa zake katika daftari la wakazi hulindwa.

Mikopo ina utaratibu tofauti, na huu umekaa vizuri. Mwenye nyumba au kampuni ya simu ikichungulia historia yako ya madeni, inatakiwa iwe na sababu halali, nawe unatumiwa nakala inayosema nani aliuliza na alipewa nini. Usiitupe. Nakala kutoka kwa kampuni usiyoijua ni dalili ya mapema kwamba mtu anajaribu kukopa kwa jina lako. Hali kadhalika barua za kidijitali zinazoingia kwenye sanduku kama Kivra: bili isiyosomwa inaweza kufika Kronofogden, mamlaka ya kukusanya madeni, na alama ya kutolipa ikishawekwa hukaa miaka mitatu. Katika miaka hiyo kupata nyumba ya kupanga ni shughuli.

Tukija kwenye haki yenyewe ya kuuliza: Uswidi ilitunga sheria ya data mwaka 1973, nchi ya kwanza kufanya hivyo kitaifa, na tangu tarehe 25 Mei 2018 inafuata GDPR, kanuni ya Umoja wa Ulaya. Inakupa haki ya kuiambia kampuni yoyote ikuonyeshe ilicho nacho juu yako. Huhitaji wakili. Sentensi moja ya Kiswidi inatosha: "Jag begär registerutdrag enligt artikel 15 i GDPR." Weka jina, tarehe, tuma. Wana mwezi mmoja wa kujibu; jambo likiwa gumu wanaweza kuongeza miwili, lakini wakuambie. Wasipojibu, malalamiko hupelekwa IMY, mamlaka ya ulinzi wa faragha, bila malipo. Mamlaka hiyo haitishii bure. Juni 2023 iliitoza Spotify krona milioni 58. Kosa la Spotify halikuwa kunyima watu taarifa. Iliwapa, ila haikueleza kwa uwazi wa kutosha inazitumiaje.

Kesi ninayopenda zaidi kuwasimulia vijana ni ndogo kwa pesa. Mwaka 2018, shule moja ya sekondari mjini Skellefteå, kaskazini, ilijaribu kuchukua mahudhurio ya wanafunzi 22 kwa kamera ya kutambua sura. Wanafunzi walikuwa wamekubali. IMY, wakati huo ikiitwa Datainspektionen, ilisema mwaka 2019 kwamba kukubali huko hakuhesabiki, kwa kuwa mwanafunzi yuko chini ya mamlaka ya shule na hana uhuru wa kweli wa kukataa; faini ikawa krona 200,000. Weka neno "mwajiri" mahali pa "shule" na utaona kwa nini kesi hii inamhusu kila anayetafuta kazi ya teknolojia. Meneja akikuwekea programu ya kuhesabu unavyobonyeza kibodi, saini yako chini ya fomu haimwokoi. Anatakiwa awe na sababu mahususi, akuambie mapema, na asikusanye kuliko anachohitaji. Penye mkataba wa hali bora, sheria ya ushirikishwaji kazini ya 1976 inamlazimu pia azungumze na chama cha wafanyakazi kabla ya mabadiliko makubwa.

Chama hapa si cha wafanyakazi wa viwandani peke yao. Waandika programu wamo Unionen na Sveriges Ingenjörer, na Klarna, kampuni ya malipo ya Stockholm, ilisaini mkataba wa hali bora mwishoni mwa 2023 vyama vikiwa vimeshatangaza mgomo. Uswidi haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali. Viwango hutoka kwenye mikataba hiyo. Kampuni changa nyingi hazina mkataba wa aina hiyo, na hapo pensheni ya kazini na nyongeza zitategemea ulichoandikiwa wewe peke yako. Mpe mshauri wa chama mkataba wako ausome kabla ya kusaini, na umuombe takwimu za mishahara ya wenye kazi kama yako. Likizo ya siku 25 ni ya kisheria, kipindi cha majaribio hakizidi miezi sita. Programu unayoandika kama sehemu ya kazi yako ni mali ya mwajiri isipokuwa mmekubaliana vingine. Mwenye mradi wake wa usiku autaje kwenye mkataba mapema.

Anayeomba kazi kwenye taasisi ya serikali ajue kwamba barua yake ya maombi nayo ni waraka wa umma. Wenzako wanaweza kuisoma, nawe unaweza kusoma zao. Kwa nafasi nyingi za serikali kuu, aliyekosa anaruhusiwa kukata rufaa ndani ya wiki tatu akidai alikuwa na sifa kuliko aliyechukuliwa. Hata kama hukati, omba wasifu wa aliyepata: hakuna somo bora la soko la ajira linalotolewa bure kama hilo.

Na si lazima uwe mwandika programu. Ulinzi wa taarifa binafsi wenyewe ni ajira, kwa sababu mamlaka zote za umma na kampuni nyingi zinalazimika kuwa na afisa wa ulinzi wa data. Vyuo vya ufundi vya yrkeshögskola hufundisha kazi kama upimaji wa programu na usalama wa mitandao, vikiwa na mafunzo kazini, na mkazi halali kwa kawaida halipi ada. Ujuzi huo unavuka bahari pia: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

Kwa mwenye kibali cha kazi kuna tahadhari ya ziada. Novemba 2023 kima cha mshahara wa kupata kibali kilipandishwa kutoka krona 13,000 hadi asilimia 80 ya mshahara wa kati wa taifa, na siasa inaendelea kukisogeza. Kiangalie kwa Migrationsverket, mamlaka ya uhamiaji, siku ileile unayosaini. Katika miaka ya 2010 wapo wahandisi walionyimwa kibali kipya kwa sababu tu mwajiri alisahau kuwakatia bima kwa miezi kadhaa. Mahakama ya rufaa ya uhamiaji ililegeza kamba Desemba 2017 ikitaka hali yote ya mwombaji ipimwe kwa pamoja, lakini karatasi bado zinahesabika. Mwombe mwajiri uthibitisho wa bima kwa maandishi. Mshahara usimwulize yeye: tangu Januari 2019 kila mwajiri anatangaza kwa Skatteverket, mwezi hadi mwezi, kiasi alichomlipa kila mfanyakazi na kodi aliyokata. Ingia kwa BankID yako kwenye ukurasa wako wa Skatteverket, fungua mwezi uliopita, uweke hati yako ya mshahara pembeni, ulinganishe.