Je, wajua kwa nini priamplifaya ya valvu inaweza kung'aa vizuri na sauti ikabaki ileile?

Priamplifaya ni kifaa kinachoandaa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, na valvu ni kijichupa cha kioo kinachokuza sauti. Kwenye maduka ya mtandaoni kuna visanduku vidogo vya chuma vyenye valvu mbili zilizochomoza juu, zinang'aa rangi ya chungwa, na bei yake haifiki dola 50. Mtu ananunua kimoja, anakiunganisha kati ya simu na amplifaya yake, anakaa kusikiliza, halafu hasikii ule utamu alioahidiwa. Mara nyingi sababu iko kwenye umeme unaoingia. Ukiielewa, unaweza kupata priamplifaya nzuri ya valvu bila kuvunja kibubu.

Ndani ya valvu kuna waya mwembamba unaopata moto. Moto huo unaifanya kathodi, kijibomba kilichopakwa oksidi za bariamu na strontiamu, iachie elektroni. Elektroni hizo zinavuka ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, kuelekea kwenye anodi, bamba la chuma linalozipokea, na katikati ya safari kuna gridi, kijiwavu cha waya, inayozibana au kuzifungulia njia kadiri muziki unavyopanda na kushuka, kama koki inavyoyatawala maji ya bomba. Kupasha moto hakutaki umeme mkubwa: valvu ya 12AX7, ambayo Ulaya inaitwa ECC83, inatosheka na volti 6.3 au 12.6. Kazi kubwa ni kuzivuta elektroni. Ili valvu hiyo ifanye kazi kwa raha, anodi yake inataka volti 100 hadi 250 hivi.

Sasa angalia adapta ya kile kisanduku. Imeandikwa volti 12. Valvu zake aghalabu ni 6J1, toleo la Kichina la 6AK5 ya Marekani, iliyobuniwa kwa mitambo ya redio ya masafa ya juu, si kwa muziki wa sebuleni. Saketi inazipandisha zile volti 12 kidogo tu, kisha valvu inaachwa ijitahidi na hicho ilichopewa. Inapitisha sauti, ndiyo, lakini haina nafasi ya kutosha, na muziki ukija na nguvu inaanza kuukwaruza mapema. Katika baadhi ya visanduku, kazi halisi ya kukuza sauti inafanywa na chipu iliyo nyuma ya valvu. Hata mng'ao ule unaouona kwenye picha mara nyingi ni taa ya LED iliyopachikwa chini ya soketi. Waya wa valvu wenyewe hutoa mwanga hafifu, unaoonekana vizuri taa za chumba zikizimwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni hili: anodi inapata volti ngapi? Adapta ndogo peke yake haitoshi kukihukumu kifaa, maana vipo vyenye saketi ya ndani inayozipandisha volti 12 hadi 150 au zaidi, na hivyo vinafanya kazi kweli. Vingine vina transfoma kamili ndani. Muuzaji asipoweza kujibu, na maelezo ya kifaa yakiwa kimya, mimi nisingenunua.

Na huo utamu wa valvu unatoka wapi? Kila kikuza sauti kinaongeza kitu kisichokuwemo kwenye muziki wa asili. Triodi nzuri, yaani valvu yenye kathodi, gridi na anodi tu, huongeza hasa hamoniki ya pili, ambayo ni noti ileile oktava moja juu. Sikio linaipokea kama unene wa sauti. Ni badiliko dogo. Mwenye spika duni atafaidika zaidi akibadilisha spika kwanza, na nalisema hilo nikiwa mpenzi wa valvu.

Kabla ya kulipa, jiulize pia kama unahitaji kukuza sauti kiasi hicho. Sindano ya kawaida ya kicheza santuri hutoa milivolti 5 hivi, kwa hiyo santuri zinahitaji saketi yake maalumu, yenye marekebisho yanayoitwa RIAA. Kicheza CD ni kingine kabisa: hutoa hadi volti 2, na amplifaya nyingi zinafikia nguvu yake yote kwa volti moja au mbili. Ukiweka katikati priamplifaya yenye nguvu nyingi ya kukuza, sauti inakuwa kubwa mno voliumu ikiwa bado chini kabisa, na ile sauti ya "sss" ya kifaa chenyewe nayo inakuzwa. 12AX7 ina kipimo cha ukuzaji cha 100. 12AU7, au ECC82, ina takriban 20, na kwa simu, kompyuta au CD hii ndiyo ningeitafuta.

Jambo linalosahaulika sana ni besi. Valvu hutoa sauti kupitia kapasita, kijisehemu kinachopitisha sauti lakini kinazuia volti za anodi zisifike kwenye amplifaya. Kapasita hiyo, ikikutana na ukinzani wa mlango wa amplifaya (pale sauti inapoingilia), inakata noti za chini. Chukua kapasita ya mikrofaradi 0.22. Amplifaya ya zamani yenye mlango wa kiloohmu 100 itaanza kupoteza besi karibu na hertz 7, chini ya uwezo wa sikio. Amplifaya ndogo ya kisasa ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) yenye mlango wa kiloohmu 10 itaanza kupoteza karibu na hertz 72, na hapo gitaa la besi tayari limepungua uzito. Kifaa ni kilekile, lakini mmoja atakisifu na mwingine atasema sauti imekonda. Tafuta kwenye maelezo ukinzani wa priamplifaya upande wa kutolea sauti: ukinzani wa mlango wa amplifaya yako uwe angalau mara kumi ya namba hiyo. Kapasita ya kutolea nayo iwe mikrofaradi 1 au zaidi kama amplifaya yako ni ya aina hiyo ndogo.

Ukinunua kilichotumika, tazama doa linalong'aa kama fedha ndani ya kioo cha valvu, kwa kawaida juu. Ni bariamu iliyowekwa kunasa mabaki ya gesi. Likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa. Kisha washa, subiri nusu dakika ipate moto, weka voliumu chini, uigonge taratibu kwa upande wa penseli wenye kifutio. Mlio mdogo kwenye spika ni kawaida. Ukivuma na kuendelea kulia, valvu hiyo itakusumbua kila mtu akipita karibu na meza.

Kifaa kilichotoka Marekani huwa kimetengenezwa kwa volti 120, nasi tunatumia 230 au 240. Kama hakina swichi ya kubadilishia, ongeza bei ya transfoma ya kushushia umeme kwenye hesabu yako. Na usifungue kifuniko mara tu baada ya kuchomoa plagi, kwa sababu kapasita za ndani zinaweza kubaki na mamia ya volti kwa muda. Fundi hupima kwa mita kwanza, ndipo anagusa.