Eti Wamarekani wamezidisha mambo ya rangi? Haya ndo mnayoyasema, na ukweli wake

Kila ikizuka kelele Marekani kuhusu rangi, huku kwetu komenti ni zile zile, oh wale jamaa wanapenda sana hayo mambo, wangenyamaza yangeisha yenyewe. Nimechukua yanayorudiwa sana niyajibu, manake mengi si kweli na yanawaumiza watu, ndugu zetu walioko kule wakiwemo.

DHANA: Rangi imeletwa juzi tu na wanaharakati na TV.

Hapana jamani. Sheria ya uraia ya 1790 ilisema mgeni anayeweza kuomba uraia ni mtu mweupe aliye huru, basi. Sensa ya mwaka huo huo ikawahesabu weupe kivyao, watu wengine walio huru kivyao, na watumwa kivyao. Serikali yenyewe ndo iliyoanza kuwapanga watu kwa rangi. 1923 Bhagat Singh Thind, Mhindi wa Punjab aliyekuwa amelitumikia jeshi la Marekani, aliambiwa na Mahakama ya Juu kwamba hahesabiki kuwa mweupe kwaiyo uraia hapati. Na mpaka 1967 kulikuwa na majimbo ambayo mweupe kumuoa mweusi ni kosa la jinai.

DHANA: Utumwa uliisha 1865, ubaguzi ukafutwa miaka ya 60, leo kila mtu abebe mzigo wake.

Hii ndo inayoniuma zaidi, kwa sababu anayeisema anakuwa hajawahi kuangalia habari ya nyumba. Miaka ya 1930 shirika la serikali lilichora ramani za miji zaidi ya 200, kila mtaa ukapewa daraja la kuonyesha kama kukopesha hapo ni salama, kuanzia A (salama) mpaka D (hatari), D ikapakwa nyekundu, na fomu waliyokuwa wanajaza maofisa ilikuwa na sehemu kabisa ya kuandika kama mtaani kuna weusi na ni asilimia ngapi. Wakikuta wapo, karibu kila mara mtaa unaangukia nyekundu. Kuanzia 1934 serikali ikawa inadhamini mikopo ya nyumba, ila mitaa ya weusi inaachwa nje, kwaiyo mfanyakazi mweusi mwenye mshahara wake mzuri tu anazungushwa, na mweupe wa mshahara ule ule anapewa nyumba anailipa kidogo kidogo miaka 30. Sheria ya kukataza hayo ilikuja 1968. Sasa kule familia nyingi za kawaida mali yao kubwa ni nyumba, ndo wanayokopea ada ya chuo, ndo wanayowaachia watoto, na waliokataliwa mkopo miaka ya 50 na 60 watoto wao bado wapo hai wanafanya kazi. Mwaka 2022 benki kuu yao ilikuta ukizipanga familia za weupe kwa mali, ile ya katikati ina mali ya dola 285,000, na kwa weusi ile ya katikati ina dola 44,900. Hapo ukinyamaza ndo hizo hela zinarudi?

DHANA: Rangi iko kwenye damu, ndo maana hata hospitali zao zinauliza.

Hapa nakubali kabisa kwamba walizidisha, na waliweka rangi mahali ambapo haikutakiwa kuwepo. Kwa miaka mingi kipimo cha figo, kile kinachotoa namba ya jinsi figo zinavyochuja damu (ikiwa ndogo ndo mbaya), kilikuwa na hesabu mbili, mgonjwa akiwa mweusi majibu yake yanaongezewa, kwa fomula moja iliyotumika sana ni kama asilimia 16 hivi, kwa hiyo figo zinaonekana nzima kuliko zilivyo. Ili uanze kuhesabiwa siku kwenye foleni ya kupandikizwa figo, kama hujaanza kusafishwa damu kwa mashine, inabidi namba hiyo ishuke mpaka 20. Mgonjwa mwenye 18 akiongezewa anasoma karibu 21, yule mweupe wa 18 anaingia foleni, yeye anaambiwa bado. Msukuma, Mjamaika na mtu wa Alabama wote kapu moja, kwa kuangalia ngozi tu! Wataalamu wa figo walipendekeza hesabu hiyo iondolewe 2021, na 2023 hospitali zikatakiwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda wa foleni waliopotezewa.

Na selimundu, inayosemwa ni ugonjwa wa weusi, imeenea kwenye maeneo yenye historia ya malaria, haifuati rangi, ndo maana iko pia India, Uarabuni na hata Ugiriki.

DHANA: Weusi wanapendelewa vyuoni na kazini.

Viti vya idadi maalumu vyuoni vilikatazwa tangu 1978, na Juni 2023 Mahakama ya Juu ikazuia rangi kutumika kuchagua wanafunzi. Kazini, utafiti uliochapishwa 2004 ulituma CV karibu 5,000 Boston na Chicago, sifa zinafanana, tofauti ni majina tu. Kina Emily na Greg, majina ya weupe, walipigiwa simu asilimia 50 zaidi ya kina Lakisha na Jamal, majina ya weusi.

DHANA: Wafute rangi kwenye fomu kama Ufaransa, yaishe.

Ni kweli, Ufaransa sensa haiulizi rangi. Ila kwenye ripoti ya 2017 taasisi yao ya kutetea haki, baada ya kuwauliza wananchi wenyewe, ilikuta vijana wa kiume wanaoonekana weusi au Waarabu wana uwezekano mara 20 zaidi ya wengine kusimamishwa na polisi.

DHANA: Sisi Waafrika tukifika kule hayatuhusu, hayo ni ya weusi wa kule.

Obama baba yake ni Mluo wa Kenya, mama yake mweupe wa Kansas, amelelewa na mama na babu na bibi weupe. Sensa ya 2010 ilimruhusu kujaza vyote viwili, yeye akajaza mweusi peke yake. Na kuna Amadou Diallo, kijana wa Guinea aliyekuwa anauza vitu vidogo vidogo barabarani New York. Februari 1999 polisi wanne waliovaa kiraia wakitafuta mtu mwingine walimkuta mlangoni kwake Bronx, akatoa pochi, wakafyatua risasi 41, akafa. Hakuwa na silaha. Mwaka 2000 mahakama ikawaachia wote wanne. Wanaobishana eti mgeni kutoka Afrika anachukuliwa tofauti, waisome kesi hiyo kwanza.